Sauti ya Seremala wa Majeneza

Jumamosi, 3 Mei

Nimesukutua maji ya vuguvugu na chumvi mara tatu, kama kila Jumamosi. Koo ndilo jembe langu. Jumatatu hadi Ijumaa nafundisha Kifaransa. Jumamosi saa nane mchana natafsiri filamu kwenye ukumbi wa video hapa mtaani kwetu Keshero. Sauti ya televisheni inashushwa, nashika mikro, na wahusika wote wanaongea Kiswahili chetu kwa mdomo wangu. Wachumba, majambazi, polisi. Hata farasi.

Leo filamu ya zamani sana, ya Kifaransa, nyeusi na nyeupe. Seremala wa majeneza, kiguu, anafukuzwa kijijini kwa sababu eti anaombea watu wafe ili apate kazi. Miaka inapita, anarudi kulipiza kisasi. Hapigi mtu. Anaweka tu jeneza mbele ya mlango wa kila aliyemfukuza, na kila jeneza lina kipimo cha mwenye nyumba. Mchinja nyama analala ndani mbele ya watu ili aonyeshe kwamba halimtoshi. Linamtosha mpaka kidole cha mguu.

Seremala nilimpa sauti ya Baba Mdogo. Sikupanga, ilitoka yenyewe. Kikohozi kabla ya kila neno. Kile Kiswahili cha milima ya Masisi, kinachotembea taratibu nyuma ya ng'ombe. "Ehee, mutoto wangu." Watu walicheka mpaka benchi moja likavunjika. Basi nikaongeza. Seremala wa filamu anaona vizuri, lakini nilimfanya aulize mlango uko wapi, kama kipofu. Kicheko juu ya kicheko. Nilikuwa mfalme.

Mlangoni nikamkuta Mama Furaha, muuza makala, yaani mkaa, wa njia yetu.

"Mwalimu, nilimuleta ule muzee wenu. Nilisema, macho yamemuishia, lakini filme ya kusemewa atasikia. Alitoka katikati. Alisema ndani kuko baridi."

Ukumbi ule ni wa mabati. Ndani kulikuwa moto kama tanuri.

Jumapili, 4 Mei

Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma.

"Ule muzee wenu" ni Baba Mdogo, ndugu wa baba yangu, tumbo moja. Ana miezi sita kwangu. Vita vilichukua ng'ombe wake na nyumba yake, mtoto wa jicho akachukua kuona kwake. Baba alipokufa nilikuwa na miaka tisa, yeye ndiye aliyenilea. Yeye ndiye aliyenifundisha kuiga. Tulikuwa tukichunga, yeye anaiga fahali, mimi ndama. Anaiga katekista, mimi naitikia kama waumini wote. Hiki kipaji ninachojivunia kwenye mikro ni chake.

Na majirani nimewaambia nini? "Ni muzee tu wa kwetu, tunamusaidia." Siku ya kwanza kabisa, mbele ya geti, Mama Furaha akiwapo. Miaka ishirini nimeisugua milima kutoka mdomoni mwangu, halafu milima ikaja na fimbo na blanketi ikakaa sebuleni. Niliogopa watu wasikie nilikotoka. Ndiyo sababu yote. Hakuna nyingine.

Leo amejifunika blanketi tangu asubuhi. Mke wangu, Espérance, anadhani ana malaria.

Jumanne, 6 Mei

Nilimletea jibini ya Masisi, anayoipenda. Akanusa. Akasema, "Asante, Mwalimu." Akawagawia watoto yote.

Mwalimu. Hajawahi kuniita hivyo. Mimi kwake ni mutoto wangu, tangu nikiwa na makamasi. Afadhali angenipiga fimbo.

Alhamisi, 8 Mei

Espérance ameniambia: mzee anafunga vitu vyake. Ameuliza lori la Masisi linapita siku gani. Jumamosi ya wiki ijayo.

Atakwenda wapi? Nyumba imebaki majivu, majirani wametawanyika kambini. Njia haioni. Akishuka kwenye lori lile ndio mwisho wake, na kila mtu hapa nyumbani anajua.

Nimeandika maneno ya kumuomba msamaha. Niliyaandika kwa Kifaransa kwanza. Kisha nikayasahihisha kwa kalamu nyekundu. Mtu mzima! Nikayachana. Espérance akauliza nimemfanya nini mzee. Nikasema sijui.

Jumapili, 11 Mei

Siku mbaya. Naiandika haraka.

Prefe, mkuu wa shule yetu, alikuja kula. Nilimwalika mwezi uliopita, kwa sababu anatafuta msaidizi na mimi nataka nafasi hiyo. Mama mkwe naye alikuwapo. Foufou, samaki wadogo wa sambaza, mboga ya lengalenga, kitambaa cha harusi juu ya meza. Nilitamani Baba Mdogo ale chumbani. Espérance akanitupia jicho moja tu, kisha akaenda kumshika mkono na kumkalisha karibu na Prefe.

Prefe ni mtu wa adabu. Akauliza, "Na huyu muzee wetu, ni nani?"

Nilifungua mdomo. Sauti yangu ikatoka. Lakini si mimi niliyeongea.

"Oh, Monsieur le Préfet! Ni muzee tu wa kwetu, tunamusaidia. Vous comprenez, munaelewa."

Baba Mdogo. Sauti yangu nzima: ile r ninayoizungusha, kale kakohozi ka mikro, kale kacheko ka mwisho ninakotumia mbele ya wakubwa, ambako sikujua ninako. Binti yangu alicheka wa kwanza. Prefe akacheka, mama mkwe akacheka mpaka akashika meza. Kisha maneno yenyewe yakawafikia, mmoja mmoja, na kicheko kikakatika.

Espérance akasema polepole, "Prefe, ni baba yake mudogo. Ndiye alimulea."

Baba Mdogo aliendelea kula sambaza. Hakukasirika, hakutabasamu. Alikuwa amenipima kimyakimya kwa miezi sita, na kipimo kilinitosha mpaka kidole cha mguu.

Jumatatu, 12 Mei

Sikufundisha. Niliingia chumbani kwake asubuhi, nikapiga magoti. Niliongea lugha ya nyumbani, ile ya kuchungia. Maneno mengi yamenitoroka. Nilipotaka kusema "nilikukana" nilikwama, akanipa neno lenyewe, kama anayemsaidia mtoto na somo. Nikalitamka. Nililia, tena si kidogo.

Hakusema amenisamehe. Akakohoa.

"Ile filme, iliisha namna gani?"

Nikamweleza. Seremala anamaliza majeneza ya kijiji kizima, anabaki na moja la kwake. Analikosea, linakuwa fupi. Anajua kipimo cha kila mtu isipokuwa chake, kwa sababu hakuna aliyewahi kukubali kumkaribia na kamba. Mwishoni wale wale waliomfukuza wanakuja kumpima, wanatetemeka, na yeye anawaagiza: nyoosha, hapana, anza upya, jioni nzima.

Baba Mdogo alicheka mpaka nikampigapiga mgongo.

"Na lori?" nikauliza.

"Lori iko Posho, Mwalimu."

Jumamosi, basi. Bado Mwalimu.

Jumamosi, 17 Mei

Asubuhi alivaa koti. Akasema nimpeleke barabarani. Sikubishana, sina haki hiyo. Nilibeba kifurushi chake: blanketi, Biblia, kikombe cha bati. Yeye alishika kiwiko changu. Mawe ya volkano kila hatua. Nilimtajia kila jiwe.

Kwenye makala ya Mama Furaha nikasimama. Wateja walikuwa watatu.

"Mama Furaha, huyu ni baba yangu mudogo. Ndugu ya baba. Nilikudanganyaka."

Hakuinua hata kichwa. Alikuwa anajaza ndoo.

"Tulijuaka tangu siku ya kwanza, Mwalimu. Sauti yenu iko moja. Muzee akikohoa kwa geti, tunasemaka ni weye."

Wateja wakaitikia kwa kichwa. Njia nzima ilijua. Niliyekuwa nikimficha ni mimi mwenyewe.

Baba Mdogo aliomba kiti. Tukakaa kwenye benchi la Mama Furaha, kifurushi kwenye mapaja yangu. Lori la Masisi lilikuja, likapakia, konda akaita mara tatu. Yeye alisikiliza mpaka mngurumo ukaisha kabisa.

"Mutoto wangu," akasema, "hiyo blanketi inaburuza chini. Ibebe muzuri, turudi."

Saa nane walikuja kuniita ukumbini. Niliwaambia koo linauma, na si uongo.