Maneno Manne Uliyoyafuta, Baba

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya tarehe kumi na tisa Februari ulipotutoka katika hospitali ya Brest. Mimi binti yako Rozenn nilikuwa nimekushika mkono. Mdogo wangu Tudual alikuwa chini ya bahari ndani ya nyambizi, na hakuna kati yetu aliyejua ni bahari ipi.

Majirani wa Crozon wanakukumbuka ukigawa viazi vya bustanini kwa kila apitaye, hata asiyevitaka. Sisi wa nyumbani tunakumbuka sikio lako. Miaka kumi na minne ulikuwa msikilizaji ndani ya nyambizi, ukipambanua nyangumi na meli kwa sauti tu, na hata ulipohamia nchi kavu hukuacha kusikiliza. "Jokofu linaumwa," ulisema, na baada ya siku mbili likafa kweli.

Mjukuu wako Enora alikuuliza siku moja, mkimenya kamba wa baharini jikoni, ile Kamandi ya nyambizi uliyoitumikia ilikuwa ikifanya nini.

"Tuna nyambizi nne zenye makombora ya nyuklia," ukamwambia. "Moja lazima iwe baharini siku zote, mahali pasipojulikana."

"Inafanya nini huko, Babu?"

"Inajificha na kungoja amri."

"Ya nani?"

"Ya rais peke yake. Na sisi wengine wote, maelfu yetu, tunafanya kazi ili siku ya kuitoa amri hiyo isifike. Adui akijua kuna mtu kajificha anayeweza kumjibu, hathubutu kuanza."

"Kwa hiyo kazi yenu ni kutofanya kitu."

"Ndiyo. Na inachosha sana."

Mlicheka. Hukumweleza makombora yale yangefanya nini kwenye miji ya watu. Hilo ulilijua kwa tarakimu, na hatukuwahi kukusikia ukilitamka.

Miaka yako ya mwisho kazini ulikaa kwenye meza ya barua. Nyambizi ikiwa kwenye doria hupokea tu, haijibu, maana ikijibu itaonekana ilipo. Kila familia iliruhusiwa maneno arobaini kwa wiki, na yote yalipita chini ya kalamu yako nyekundu. Habari mbaya hazikwenda kwa barua hizo. Baharia aliyefiwa hawezi kurudi, hawezi kupiga simu, na bado ana zamu ya kushika karibu na makombora. Kabla ya kuondoka kila mmoja hutia sahihi: nikifiwa niambiwe huko huko, au niambiwe nikirudi. Wengi huchagua kuambiwa wakirudi. Tudual naye alichagua hivyo, akiwa na miaka ishirini na minne, katika doria yake ya pili.

Siku ya ishirini na tatu ya doria ile, Mama alianguka sokoni mbele ya meza ya samaki. Mshipa ulipasuka kichwani. Hakufika hospitali.

Tulimzika Jumamosi. Jumatatu ukarudi kazini. Mkuu wako, Kamanda Lescop, akakuambia, "Goulven, nenda nyumbani. Meza hii nitampa mwingine." Ukakataa. Ulipotoka kazini nilikukuta jikoni unaandika barua ya wiki ya Tudual, ambayo siku zote aliiandika Mama, ukihesabu maneno kwa vidole.

"Unaandika nini?"

"Kwamba maua ya uani yamechanua."

"Maua ya Mama?"

"Barua isipofika wiki hii, atajua."

"Baba, unamdanganya mtoto wako."

"Nimeandika yamechanua. Nenda ukaangalie, yamechanua."

"Na chini umeweka jina la nani?"

Ukanigeuzia karatasi. Ulikuwa umeandika "Nyumbani," basi. Nilikuita mtu asiye na moyo, nikabamiza mlango, na sikusema nawe wiki tatu. Leo, mbele ya wote wanaosoma tangazo hili la kumbukumbu, nakuomba radhi.

Uliandika barua sita za namna ile. Nyambizi iliporudi, uliomba uwe wewe wa kumpasha Tudual habari, wakakupa chumba kidogo kando ya gati, chenye viti viwili na jagi la maji. Akaingia, amepauka kwa kukosa jua. Akakuona. Hakukaa.

"Ni Mama," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Mama hajawahi kumaliza maneno arobaini bila kunigombeza. Nywele, soksi, sigara. Zilipokuja barua mbili mfululizo bila ugomvi, nikajua."

Zaidi ya mwezi mzima alikuwa amelibeba peke yake, akila na wenzake, akitaniana nao, asije akawaharibia zamu. Mlikaa kwenye vile viti viwili hadi saa ya chakula ikapita, na mtu aliyekuja kufunga chumba akawaacha mlivyo.

Tangu hapo nyumba haikutulia. Ulistaafu, lakini tulikusikia bustanini ukihesabu kwa sauti ya chini mpaka arobaini, kisha ukianza upya. Mtu akisema kichwa kinamuuma, uliinuka ukatoka chumbani. Wageni walidhani umewachoka. Sisi tulidhani ni majonzi, kwamba kila mtu ana namna yake, tukakuacha nayo miaka kumi.

Wiki moja kabla hujatutoka ulinituma nikuletee pochi ya vitambulisho. Ndani yake mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne: barua ya mwisho ya Mama, kwa mwandiko wake, aliyokupa asubuhi ya siku aliyoanguka uipeleke kazini. Alimgombeza Tudual kuhusu nywele. Kisha akaandika, "Kichwa kinaniuma tangu jana." Juu ya maneno hayo manne ulipita mstari mwekundu, ulionyooka kama wa rula.

"Niliyasoma saa mbili na nusu," ukaniambia. "Nikayafuta, nikachukua barua inayofuata. Nilisoma kama afisa, Rozenn. Sikusoma kama mume. Mama yako alianguka saa tano."

"Hukuweza kujua, Baba."

"Ningepiga simu. Simu ilikuwa pale, mkono wa kushoto."

Nilikunywesha maji, na hukuyamaliza.

"Mwambie Tudual," ukasema. "Akirudi. Si kabla."

Kulikuwa na jambo ambalo hukulijua. Safari hii Tudual alikuwa ametia sahihi upande wa pili: niambiwe huko huko. Siku uliyofariki nilipigiwa simu kutoka kwenye meza yako ya zamani, na mwanamke mpole ambaye hatukuwahi kuonana. "Ndugu yako amechagua kuambiwa," akasema. "Andika, dada, nitaipeleka kama ilivyo." Nikaandika kwamba umeondoka asubuhi, hukuumia mwishoni, na ulitaja jina lake. Nahodha akamwita chumbani kwake akamsomea. Tudual akaomba maji ya kunawa uso, akarudi kwenye zamu. Meli haikugeuka. Kwa wiki saba alikuomboleza chini ya maji.

Aprili nilikwenda kumpokea. Tulikaa ndani ya gari langu nje ya lango la kambi, nikampa ile karatasi na kumweleza ulichoniambia. Aliisoma, akaisoma tena. Alipitisha kidole juu ya mstari mwekundu. Tudual sasa ni afisa, na ana watu chini yake.

"Hata mimi ningeyafuta," akasema.

Akaikunja tena karatasi, kisha akauliza, "Kuna mtu aliyewahi kumwambia Baba hivyo?"

"Hapana," nikamjibu.

Ndiyo sababu ya tangazo hili, Baba. Hatujui njia nyingine ya kukufikishia.

Wanaokukumbuka ni binti yako Rozenn na mumewe Briec, mwanao Tudual, mjukuu wako Enora, dada yako Soazig wa Camaret, pamoja na jamaa wote wa koo za Salaün na Kerbrat. Umelala kando ya Mama, na kwetu hutafutika kamwe.