Ziwa Lililoingia Chumvi

Jumatatu, 6 Septemba 1976

Sanduku la chupa kutoka Ziwa Mwabina limefika maabara asubuhi. Nimepima zote. Safi. Safi kupita kiasi — na hapo ndipo mashaka yangu yanapoanzia. Chini ya darubini sikuona hata dalili ya mwani. Ziwa dogo, lenye kina kifupi, linalopigwa jua mwaka mzima, halina mwani?

Na humo ndimo kiwanda cha ngozi kinamomwaga majitaka yake! Eliasi, bwana afya wa kijiji cha ujamaa kilicho ufukweni, ndiye anayetuchotea. Kwa simu ya wilaya aliniambia kwamba matete ya ukingoni yamenyauka na watoto wanaooga huko wanatoka vidonda. Kijiji kizima kinakunywa maji hayo. Vipimo vyangu vinasema wanakunywa maji ya mvua.

Ndugu Leodegar, mkuu wa kitengo chetu, aliyapitia matokeo akiwa amesimama. Akasema ziwa lina afya kuliko sisi tuliomo humu ndani. Amefurahi mno. Tarehe 20 kikao kitaamua iwapo kiwanda kiruhusiwe kuweka bomba la pili la majitaka. Kitaamua kwa takwimu zangu.

Ijumaa, 10 Septemba

Bomba limekauka Kariakoo nzima. Severa, mpangaji mwenzangu, alikuwa uani akifulia maji ya kisima, kwa hasira.

"Dokta, nyie watu wa maji mnapima nini huko, mbona sabuni haitoi povu?"

Nilimjibu kwamba mimi napima maziwa.

"Basi kapime ya yule muuzaji wa kona, maana nayo ni maji matupu!"

Uani kote walicheka. Hata mimi, kidogo.

Jumanne, 14 Septemba

Sanduku jipya. Kloridi, yaani chumvi, imepanda — si kidogo, imepanda ajabu. Nilishuku dawa, nikachanganya nyingine. Nilishuku vyombo, nikavisuuza upya. Tone baada ya tone, rangi ya tofali, inayoonyesha kwamba chumvi yote imepimwa, ikakataa kutokea hadi nilipokaribia kumaliza dawa ya bureti. Kiangazi hupunguza maji ya ziwa, nakubali. Lakini hakuna ziwa linaloingia chumvi kwa wiki moja!

Jioni nilinawa mikono uani. Sabuni iliteleza tu viganjani, povu hakuna. Nikabaki nimeishika.

Jumatano, 15 Septemba

Nimekwenda kazini na maji ya kisima chetu ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, nikayapima sambamba na ya "Mwabina". Ni ndugu wa damu. Kwa hiyo chupa zile zilijazwa hapa hapa mjini, baada ya bomba kukauka. Na zile za kabla yake? Maji ya bomba. Nimekuwa nikilipima bomba la mtaa na kuliita ziwa.

Wa kwanza niliyemshuku ni Nassibu, dereva anayelipokea sanduku stesheni. Nilimbana garini, pale Mnazi Mmoja.

"Dokta, nimefunga! Maji hata kuyatazama siyataki, sembuse kuyabadilisha!"

Alicheka; mimi sikucheka. Ndipo akaeleza. Mkuu anadai ofisini kuna wezi wa chupa, hivyo sanduku hulala nyumbani kwake. Asubuhi Nassibu hulikuta mlangoni, limefungwa vizuri.

Huo si ushahidi bado. Na kuna pingamizi: Mkuu ni mkemia, anajua kisima kina chumvi. Nimelifikiria hadi nikapata jibu. Mwanamume asiyechota maji nyumbani kwake huagiza chupa zijazwe. Haulizi zimejazwa wapi.

Ijumaa, 17 Septemba

Nilimpelekea Mkuu namba ya kloridi, namba tu, kisha nikautazama uso wake.

"Chumvi? Kiangazi hicho, Ndugu Benedikta. Usiandike kwanza."

Kisha, akiangalia dirishani: "Hivi bomba limekatika tangu lini?"

Sikuwa nimetaja bomba.

Nimempigia Eliasi. Aje mwenyewe na maji, treni ya Jumapili, asimpe mtu. Kosa: nilitumia simu ya ofisi.

Jumapili, 19 Septemba

Nilifika stesheni mapema. Ndugu Leodegar alifika mapema zaidi, katika suti ya kanisani, na Nassibu nyuma yake. Sikumwalika!

Eliasi alishuka amelikumbatia sanduku kama mtoto. Kijana mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Shikamoo, Mkuu. Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, marahaba! Lo, mgeni wetu abebe mzigo? Tutaonekana watu gani? Nassibu!"

Na sanduku likapokewa. Kulishikilia mbele ya watu kungekuwa kumtukana mwenyeji. Nilimkazia Eliasi macho. Yeye akadhani namsalimu. Akashukuru.

Basi tumekuja sote kwa Mkuu, kwa chakula cha mchana. Wali, kisamvu cha nazi, heshima nyingi. Eliasi alinipa zawadi yake: bua la tete kutoka ukingoni. Limebanduka ganda pale maji yanapoishia, na linanuka ngozi mbichi. Nimelitia mkobani. Kikao hakitalisikiliza bua.

Naandika haya sebuleni kwao, daftari gotini. Nassibu amekwenda zake. Eliasi amesinzia kitini. Sanduku limeingizwa chumbani, na mlango umerudishwa. Mwenyeji ameniuliza tena, kwa upole uleule, kama sijachelewa. Nimesema nangoja jua lipungue. Amekaa mbele yangu. Anangoja pia — sijui anangoja nini.

Sasa kelele mtaani. Watoto, ndoo, makopo. "Yametoka! Yametoka!" Bomba la uani limekohoa hewa, likakohoa tena, kisha likafoka.

Ndugu Leodegar ameegemea kiti. Kwa mara ya kwanza leo uso wake umetulia.

"Mama Celina," amemwita mkewe. "Jazeni vyombo vyote."