Shavu la Kulia

Jumapili. Jua kali, na upepo.

Watu wa Dodoma watanicheka: upepo nao ni habari? Kwangu sasa ni habari. Ukinipiga shavu la kulia nasimama palepale barabarani kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, nasubiri maumivu yapite ndipo niendelee. Leo nimetembea kutoka Makole hadi hapa kwenye intaneti kafe nikiwa nimejifunga kanga ya mama usoni, mwanaume mzima. Dada mwenye kafe amezima feni bila hata kuniuliza. Wateja wenzangu wanatoka jasho na kuninunia. Wanisamehe.

Nina miaka ishirini na minne na nina ugonjwa wa mshipa wa fahamu wa uso.

Hii ni wiki ya pili tangu daktari aniambie. Aliuchora mshipa wenyewe kwenye karatasi, matawi matatu kutoka sikioni, akasema meno yangu hayakuwa na kosa lolote. Nikamuuliza nitapona lini. Akasema zipo dawa za kutuliza, nitameza asubuhi na jioni, na huenda nikazimeza miaka mingi. Nikauliza tena, kana kwamba hakunisikia. Akanijibu yaleyale, taratibu zaidi.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshang'olewa magego mawili. Tabibu wa meno alisita, akasema haoni tundu. Mimi ndiye niliyemng'ang'ania ang'oe. Yalikuwa meno mazima kabisa, na bado ulimi wangu unayatafuta.

Ofisini sijamwambia mtu. Wembe siwezi kuugusisha shavuni, kwa hiyo nimefuga ndevu, na Rashidi tunayekaa naye masjala ananiita shehe, mimi mtoto wa mzee wa kanisa. Nacheka naye, kwa upande mmoja wa mdomo. Wote wanajua ni jino. Jino ni uongo mzuri, kila mtu amewahi kuumwa nalo na kila mtu anajua lina mwisho. Hiki changu nikikitaja, nitaanza kuonewa huruma. Na kuna jambo jingine naona haya hata kuliandika: nani atakubali kuolewa na mtu ambaye hawezi kubusiwa shavuni?

Mama naye nilimdanganya hivyohivyo, kwa simu ya mwalimu jirani yake.

Jana akaja. Ametoka kijijini, huko upande wa Mvumi, na unga wa uwele, mlenda mkavu, ile mboga yetu ya kuteleza, na mpango wake: Jumatatu anipeleke mwenyewe nikang'olewe hilo jino linalonisumbua. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanyoosha mkono anishike shavu kama anavyonishika tangu nikiwa mtoto.

Nikamkwepa.

Nilimkwepa mama yangu mlangoni, majirani wakiangalia. Alitua mzigo, akauliza mkaa uko wapi, akapika. Nilipokuwa shule ya bweni, wenzangu wa mikoa mingine waliucheka mlenda mpaka nikajifanya siujui. Sasa ndicho chakula pekee kinachoshuka bila kutafunwa. Nilikula machozi yakinitoka, naye alikuwa akiliangalia taya langu, tonge lake limepoa mkononi.

Leo asubuhi hakwenda kanisani. Nilimkuta ameketi jikoni, amekwisha kuvaa, ameinama. Akaniuliza bila kunitazama, "Nimekukosea nini, mwanangu?"

Hapo ndipo niliposhindwa. Nilimweleza yote: kwamba si jino, kwamba nimeng'oa mawili bure, kwamba hata tukiyang'oa yote maumivu yatabaki palepale, na kwamba jana sikuukimbia mkono wake, niliyakimbia maumivu. Mama hajui kusoma, kwa hiyo nikamletea ile karatasi ya daktari. Aliyafuata matawi kwa kidole, moja baada ya jingine, kisha akarudi tena mwanzo. Nilitegemea atalia, au ataanza kuomba. Mimi ndiye niliyelia.

Akakunja karatasi.

"Upande gani hauumi?"

Nikamwonyesha kushoto. Akakiweka kiganja chake hapo, kikavu, kinanuka moshi, akakiacha. Uji ukachemka ukamwagika jikoni na hakuna aliyeinuka kuutazama.

Nimeandika haya haraka kwa sababu naogopa nitaghairi. Najijua, kesho saa mbili asubuhi Rashidi ataniita shehe, na uongo wa jino utanijia mdomoni wenyewe. Nataka nimwambie kwa nini sinyoi. Sina hakika kama nitaweza.

Mama alikuwa aondoke Jumanne. Amesema haondoki mpaka mkono wake uzoee kuanzia kushoto.