Karatasi Inasema Nimepona, Mwanangu Bado Yuko kwa Mamangu

Shangazi Elsie, nakuandikia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumweleza haya bila kuonekana mvivu. Mimi ni mwalimu wa gredi ya pili hapa Voi, na mwaka jana nilijifungua msichana, Mghoi, na alipofika miezi mitatu moyo wangu ukaanza kwenda mbio hata nikiwa nimeketi, nikakonda, lakini nguvu nilikuwa nazo, nafua, nafundisha, nanyonyesha, kisha kila kitu kikapoa, nikawa navaa sweta kwenye joto hili la Voi, nywele zinatoka, majina ya wanafunzi nayasahau, na daktari alipopima damu akasema tezi ya thairoidi, hii ya shingoni, ilivimba baada ya uzazi, akanipa tembe moja kila asubuhi. Mtoto nilimpeleka kwa mamangu Wundanyi akiwa na miezi saba, nikasema ni wiki mbili tu, na sasa ana miezi kumi na minne.

Mwezi uliopita nilipimwa tena, matokeo yakawa ya kawaida, na mama akanipigia simu akasema, "Si karatasi imesema umepona? Njoo umchukue mtoto." Lakini bado nachoka hata kusimama ubaoni, na nilipoenda Jumamosi Mghoi alijificha nyuma ya leso ya mamangu, akamwita yeye mama, nikarudi Voi na soksi yake moja ambayo nainusa kila siku. Nina hamu na mwanangu mpaka inaniuma, na nina hamu na yule mimi wa ile miezi ya kwanza, kwa hivyo, nakiri, wiki tatu sasa nameza tembe mbili badala ya moja. Mikono imeanza kutetemeka. Mume wangu, Hudson, anafanya kazi mashambani Mboghoni na hajui lolote. Nifanye nini?

Mama Mghoi, Voi

Shangazi Elsie anajibu: Mama Mghoi, pole sana. Uvivu huna. Lakini hizo tembe mbili zimeniudhi. Yule mwanamke wa nguvu unayemkumbuka alikuwa tayari mgonjwa; tezi iliyovimba ilikuwa inamwaga homoni kupita kiasi, na akiba ilipoisha ndipo ukapoa. Sasa unajirudisha kulekule, na anayeumia ni moyo wako.

Kwenye karatasi yako kuna kipimo kiitwacho TSH; hiyo ni homoni ambayo ubongo hutuma kuiamuru tezi ifanye kazi. Ikipanda, tezi imelegea. Ikishuka sana, homoni zimezidi. Yako ilikuwa sawa kwa tembe moja. Damu hutangulia kupona na mwili hufuata polepole, pengine miezi. Uchovu huo pia unaweza kuwa ni upungufu wa damu, au huzuni ya baada ya uzazi. Je, ulimwambia daktari, au uliona karatasi ukanyamaza?

Acha tembe ya ziada leo. Kesho nenda kliniki ukaseme ukweli, maana daktari asipojua atasoma kipimo kijacho vibaya. Meza kama atakavyokuandikia, kwa maji, tumbo tupu, chai baadaye. Kifua kikiuma au pumzi ikikata, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Na Hudson umpigie simu, ni mumeo.

Kuhusu Mghoi, nani alikwambia lazima upone kwanza ndipo uwe mamake? Mwombe mamako ashuke naye Voi likizo hii. Yeye apike, wewe umlishe mtoto, umwogeshe, umlaze kifuani hata ukiwa umechoka. Akimwita nyanyake mama, nyamaza, endelea kumlisha. Atakuzoea kabla uchovu haujaisha.