Ulimi wa Mama Yako

Mjukuu wangu Nekesa,

Natumaini nyote mko salama huko Eldoret. Sisi hapa Kangemi tu wazima. Babu yako ameacha kukohoa, na tangu shule zianze kusomesha bure, mtaa wetu huwa kimya asubuhi.

Unauliza kama mwanao anayesema "tikombe" badala ya "kikombe" ana kasoro. Mama yako alisema vivyo hivyo alipojaribiwa kuingia darasa la kwanza. Tuliambiwa tumrudishe Jumatatu. Akishindwa tena, angoje mwaka mzima.

Nilishtuka nilipomsikiliza vizuri. K ya kwanza ilimshinda, ya pili akaitamka sawasawa, ndani ya neno moja! Nikasimama mbele ya kioo, nikatamka "ku", kisha "ki". Kwenye "ku" ulimi ulijivuta nyuma. Kwenye "ki" irabu iliuvuta mbele kabla ya zamu yake. Nami ni mwalimu niliyefundisha kwamba k hutamkiwa mahali pamoja tu!

Basi nikaacha ka, ke, ki, ko, ku ya darasani. Nilianza na ku aliyoiweza, tukasogea polepole: ko, ka, ke, ki. Jirani akacheka dirishani, "Mwalimu, hata wewe leo umezichanganya!"

Jumatatu mwalimu mkuu aliinua kikombe chake cha chai. "Hiki ni nini, mtoto?"

"Kikombe," mama yako akasema. "Na hakijaoshwa."

Mwalimu mkuu alikitazama kikombe, akanitazama mimi, kisha akamwandikisha.

Anza na ku.

Nyanya yako