Hewa Inayokaa

Dodoma, 11 Agosti 2025

Mjomba Bartolomayo, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta na nafuu kuliko wiki iliyopita. Restuta alipokuja sokoni Majengo kuuza mtama alinieleza kwamba miguu imevimba tena na kwamba unaficha chumvi chini ya mto. Mjomba, msikilize binti yako. Huku sisi wazima. Mama anakusalimu, anasema, "Mwambie kaka aache ubishi, yeye si mbuzi."

Nina habari njema. Bakteria wetu wameanza kula! Wewe ndiye uliyenifundisha kemia kwa chaki mlangoni kwako, kwa hiyo nakueleza kama mwanafunzi. Tumebadilisha vinasaba vyao ili wale hewa ukaa pamoja na haidrojeni, ambayo tunaitoa kwenye maji kwa umeme wa jua. Wakishiba wanatoa spiriti. Juzi jenereta yetu iliguruma kwa spiriti hiyo dakika kumi na moja.

Sasa tunahitaji hewa ukaa nyingi na safi, na hakuna iliyo safi kama inayotoka kwenye mvinyo unapochacha. Tumepewa ruhusa katika kile kiwanda kidogo cha mvinyo nje ya Hombolo ulikokuwa fundi mkuu. Tarehe 25 nitashuka mwenyewe kwenye shimo la chini ya matangi kupima gesi. Najua ndipo baba alipofia. Nilikuwa na miaka miwili, simkumbuki. Lakini siwezi kuogopa mahali kwa sababu ya ulevi wa mtu.

Mpwa wako,
Elieth


Mlali, 15 Agosti 2025

Mpwa wangu Elieth, marahaba.

Simu sisikii tena, kwa hiyo nashukuru kwamba bado unaniandikia. Mimi ni mzima kwa kiasi cha mtu ambaye moyo wake umechoka. Daktari hakunificha: mvua za Desemba huenda zikanyesha bila mimi. Nilimsomea Restuta habari zako, akauliza, "Baba, yaani wadudu wanakunywa moshi halafu wanakojoa mafuta?" Nikamwambia ameeleza vizuri kuliko kitabu.

Sasa keti. Usishuke shimoni.

Baba yako hakuwa amelewa. Noeli hakuwahi kuonja mvinyo, na sisi tulioonja alitucheka. Machi 1994 mfereji wa shimoni uliziba na mvinyo uliovuja ukatuama, wakati matangi yote yanachacha. Kulikuwa na sheria niliyoiweka mimi mwenyewe: kabla ya mtu kushuka, koroboi inateremshwa kwa kamba. Ikizimika, hakuna kushuka siku hiyo. Siku ile ilizimika. Wageni wa wilaya walikuwa njiani, nami nilitaka wakute sakafu kavu. Noeli akauliza, "Shemeji, mbona imezimika?" Nikamjibu, "Mafuta yameisha."

Koroboi nilikuwa nayo mkononi, Elieth. Niliitikisa nikasikia mafuta yakicheza ndani.

Nilikuwa nimewafundisha wafanyakazi kwamba hewa ukaa ni nzito, hujilaza chini. Nilimweleza Noeli kwamba jina hilo linatokana na makaa. Yeye alishikilia kwamba linatokana na kukaa. Siku ile akaweka mguu kwenye ngazi, akaniambia, "Kama yenyewe inakaa, shemeji, mimi nitasimama!" Akashuka anacheka. Na kweli alisimama, mpaka alipoinama kuzibua mfereji.

Tulimtoa ananuka mvinyo, kwa sababu alikuwa amelala ndani yake. Watu walinusa, wakanigeukia mimi msomi. Nikasema alikunywa. Nikaandika hivyo kwenye taarifa. Kwa neno hilo alizikwa bila kuingizwa kanisani, na dada yangu Germana, aliyeapa kwamba mumewe hanywi, akaitwa mwanamke anayeficha aibu ya nyumba. Nilikuwepo alipoapa. Nilinyamaza.

Usiniambie kwamba si kitu. Ni kitu. Ninalotaka ni moja tu, usishuke.

Mjomba wako,
Bartolomayo


Mlali, 29 Septemba 2025

Elieth, salamu.

Wiki sita sijapata jibu. Restuta alikuona Majengo ukichagua vitunguu, akakuita, ukageuza uso. Alirudi analia. Mimi nilifurahi, maana nilijua umeisoma barua na hukushuka.

Chumvi nimeacha.

Mjomba wako


Dodoma, 6 Oktoba 2025

Mjomba, shikamoo.

Naandika shikamoo kwa sababu ndivyo mama alivyonilea. Hali yako naijua, Restuta ananiambia. Mwambie anisamehe kwa siku ile ya vitunguu.

Sikushuka. Tarehe 25 Agosti nilinunua koroboi sokoni, nikaijaza mafuta ya taa mpaka shingoni, nikaiteremsha kwa kamba. Ilizimika ilipofika ngazi ya tatu. Kipimo changu cha betri kilisema hivyohivyo, lakini kipimo hakikuniliza. Sasa bomba lililoshushwa kutoka juu linavuta gesi ya shimoni, shimo limefungwa kwa chuma, na hakuna mtu atakayeshuka tena. Bakteria wanakula vizuri mno. Jenereta haizimiki mpaka tuizime.

Kuhusu kusamehe, sijui. Wala si mimi niliyeitwa mwongo nikiwa msibani. Neno lako ulilisema mbele ya watu, kisha ukaja kuliungama kwangu kwa kunong'ona. Haitoshi, Mjomba. Mwandikie mama, na uandike barua itakayosomwa kanisani, penye mlango uleule ambao baba hakupitishwa. Kwa mkono wako mwenyewe. Mimi sijamwambia, na sitamwambia. Neno ni lako.

Fanya haraka.

Mpwa wako,
Elieth


Mlali, 10 Novemba 2025

Mpwa wangu, marahaba.

Mwezi mzima kwa barua hii ya kurasa mbili, kwa dada yangu na kwa kanisa. Restuta alishika karatasi, mimi nilishika kalamu. Humo ndani hamna maneno "bahati mbaya". Yaliingia mara tatu nikayafuta mara tatu.

Isomwe nikiwa hai, ili mwenye swali aje aniulize.

Mjomba wako,
Bartolomayo, aliyekuwa fundi mkuu


Dodoma, 24 Novemba 2025

Mjomba, shikamoo. Nasikia sasa unalala umekaa, ukiegemea mito. Pole sana.

Jana ilisomwa. Katekista Abeli alipofika pale kwenye mafuta yakicheza ndani, alishusha karatasi. Mama akasimama kwenye benchi la wanawake, akasema, "Endelea kusoma." Akabaki amesimama mpaka mwisho. Kisha akawageukia wale wazee wa kanisa waliomkatalia baba, akasema, "Niliwaambia." Neno moja tu, akaketi.

Baada ya ibada watu wote walikwenda kaburini, na baba akaombewa kama Mkristo mwingine yeyote. Nilikuwa nimebeba ile koroboi. Nilimwaga mafuta yake ya taa, nikaijaza spiriti ya bakteria wetu, iliyotoka kwenye gesi ya shimo lilelile. Nikaiwasha, nikaiweka kichwani pa kaburi. Ilikuwa saa saba mchana, na moto wa spiriti hauonekani juani.

Mama akainama, akaitazama. "Mbona imezimika? Mafuta yameisha?"

Akanyoosha kiganja juu ya utambi, akakirudisha upesi, akakipuliza.

"Inawaka," akasema.

Usiku nilimuuliza kama ana la kukuandikia. Akasema hana la kusema kwa karatasi, analo la kusema kwa mdomo, tena refu. Jumamosi tunakuja Mlali kwa basi la asubuhi, yeye akiwa na kuku mmoja na ile koroboi. Ameniagiza niandike hivi, neno kwa neno: "Mwambie kaka akae. Asithubutu kwenda popote kabla sijafika."

Basi kaa, Mjomba.

Mpwa wako,
Elieth wa Noeli