Leso Yako Golini

Jumapili, 18 Mei

Mama,

Leso yako wameichoma moto.

Tangu tukuzike nimekuwa nikiitundika kwenye nyavu nyuma yangu, nifutie glavu. Ile ya samawati tuliyonunua Biashara Street, ulipobishana na mwenye duka mpaka akacheka mwenyewe. Leo, tukiwa mbele kwa bao moja, mshambuliaji wa wapinzani aliingia golini akaing'oa.

"Kipa mchawi! Ndiyo maana mpira hauingii!"

"Wacha hiyo, ndugu yangu. Ni ya marehemu mamangu."

"Basi mamako ndiye mchawi!" Akawarushia mashabiki wao.

Nilimpiga ngumi ya mdomo. Akaanguka, nikamkalia kifuani nikampiga tena, hata glavu ikalowa damu. Mawe yakaanza kutuangukia. Refa akakimbia. Kule jukwaani leso ilikuwa inawaka, nao wanairukia kwa vigelegele.

"Salimu, mwache! Utamuua!" Kocha alinikaba shingo kunitoa.

Na kweli, Mama, nilitaka afe. Mimi, niliyekuwa nikikimbilia chooni ukichinjisha kuku wa Idi. Taya lake limevunjika, yuko hospitalini.

Hapa mtaani kwetu Kibokoni, vijana wa barazani walinipokea kwa makofi. "Ahlan, simba! Leo umewaonyesha!" Nikawapita bila salamu.

Huenda wakanifungia nisicheze tena. Si hilo ninaloliogopa. Naogopa kwamba nikifumba macho namwona pale chini, na mkono unakunja ngumi wenyewe.

Nikumbuke nilivyokuwa hadi jana, Mama.